Kutoka "Anamfuata" hadi "Wanafuatana": Kitabu cha Picha cha Owen na Mzee katika Shughuli za Darasa la Kiswahili

Ikisiri

Vitabu vya picha kuhusu urafiki hutumiwa mara nyingi darasani kama vyombo vya kupitishia funzo: hadithi husomwa, methali hutajwa, na kipindi hufungwa. Makala haya yanaeleza njia nyingine ya kukitumia kitabu cha aina hiyo. Mfano unaochukuliwa ni Owen & Mzee: The True Story of a Remarkable Friendship (2006), kisa cha kiboko aliyepoteza mama yake na kobe mkongwe waliokutanishwa katika Bustani ya Haller, Mombasa. Hoja kuu ni kwamba sarufi ya Kiswahili, hasa upatanisho wa nomino za viumbe hai na kauli ya kutendana, inampa mwanafunzi zana za kupima kile ambacho picha inaonyesha dhidi ya kile ambacho maneno yanadai. Shughuli zinazoelezwa zinamlenga mwanafunzi wa madarasa ya kati ya shule ya msingi, lakini misingi yake inawahusu pia wanaoandaa walimu na wanaohakiki fasihi ya watoto.

Istilahi za msingi: kitabu cha picha, urafiki, kauli ya kutendana, upatanisho wa kisarufi, fasihi ya watoto

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa Desemba 2004, mvua kubwa zilikuwa zimelisukuma kundi la viboko hadi mahali Mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi. Tarehe 26 mwezi huo, mawimbi ya tsunami yaliyoanzia ng'ambo ya Bahari ya Hindi yalifika pwani ya Kenya. Yalipotulia alionekana kiboko mmoja mdogo, mwenye umri wa takriban mwaka mmoja na uzito wa kilo mia mbili na ushei, amekwama kwenye mwamba wa matumbawe. Siku iliyofuata, wavuvi, wakazi wa mji na wageni walihangaika naye kwa nyavu na kamba hadi wakamtoa. Akapewa jina la mmoja wa waokoaji wake, Owen, na akasafirishwa kwa gari hadi Bustani ya Haller huko Bamburi, Mombasa, ambako machimbo ya kiwanda cha saruji yalianza kurudishiwa uhai kwa kupandwa mivinje na miti mingine tangu mwaka 1971. Ndani ya bustani hiyo alikuwamo kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, anayekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130, aliyeitwa Mzee.

Kisa hiki kilienea duniani kupitia picha za gazetini kabla ya kuwa kitabu. Waandishi wake ni watatu: Isabella Hatkoff, aliyekuwa bado mtoto, baba yake Craig Hatkoff, na mwanaikolojia Paula Kahumbu, ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa mradi uliohusika na bustani hiyo. Picha nyingi zilipigwa na mwanahabari Peter Greste. Kitabu cha pili, kinachosisitiza namna wanyama hao walivyowasiliana, kilifuata mwaka 2007.

Kuna sababu ya kukichagua kitabu hiki kwa mjadala wa ufundishaji wa Kiswahili, ijapokuwa matini yake ya awali ni ya Kiingereza. Mahali pa kisa ni pwani ya Waswahili. Mmoja wa wahusika wake wawili ana jina la Kiswahili lenye uzito wa kijamii. Na tofauti na vitabu vingi vya watoto kuhusu urafiki, picha zake ni za kamera na si michoro. Sababu hii ya tatu ndiyo yenye matokeo makubwa zaidi darasani, na hapo ndipo panapofaa kuanzia.

2.0 Picha inaonyesha, maneno yanadai

Uhakiki wa vitabu vya picha umetofautisha kwa muda mrefu kitabu chenye picha na kitabu cha picha. Katika kile cha kwanza picha ni pambo: ikiondolewa, hadithi inabaki. Katika cha pili maana hupatikana pale tu maneno na picha yanaposomwa pamoja. Nodelman (1988) anaueleza uhusiano huo kuwa wa kinzani kiasi, kwa kuwa kila upande hudokeza jambo ambalo upande wa pili haulisemi. Nao Nikolajeva na Scott (2001) wanaweka viwango, kuanzia picha inayorudia maneno hadi picha inayoyapinga.

Nadharia hizi zilijengwa zaidi kwa kuangalia michoro. Mchoraji akitaka kuonyesha kwamba sungura anampenda fisi, atamchora sungura akitabasamu. Kamera haina uhuru huo. Uso wa kobe haubadiliki kwa furaha wala kwa huzuni kwa namna ambayo mtoto wa binadamu anaweza kuisoma. Picha ya Owen akiwa ameegemeza kichwa kwenye gamba la Mzee inaonyesha miili miwili iliyokaribiana, basi. Kwamba ukaribu huo ni urafiki ni dai la maneno. Ni dai lenye msingi, kwa sababu watunzaji waliwatazama wanyama hao siku baada ya siku, lakini bado ni dai.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuutumia mwanya huu kabla hata ya kusoma sentensi moja ya kitabu. Ubao unagawanywa sehemu mbili: Tunachoona na Tunachodhani. Wanafunzi wanaonyeshwa picha bila maelezo, kisha kila sentensi wanayoitoa inajadiliwa ni ya upande upi. "Kiboko amelala" itakwenda upande wa kwanza, pengine baada ya ubishi mfupi, kwa sababu huenda amefumba macho tu. "Kiboko ana huzuni" itakwenda upande wa pili. "Kiboko amelala karibu na mama yake" huonyesha jinsi dhana inavyojipenyeza ndani ya maelezo bila msemaji kujua.

Hapa jambo la kisarufi hujitokeza lenyewe. Mwanafunzi anayeeleza picha hutumia zaidi viambishi -me- na -na-: amelala, ameegemea, anakula, wanaogelea. Anayesimulia hutumia -li- na -ka-: alilala, akaamka, akamfuata. Picha humpa hali iliyokwisha kutimia au tendo linaloendelea; haimpi mfuatano. Ili ka- itumike, lazima mtu aunganishe picha mbili kwa hoja yake mwenyewe, na kiungo hicho hakimo katika picha yoyote kati ya hizo. Shughuli ya kawaida ya kupanga picha kwa mfuatano, ambayo imo katika vitabu vingi vya shule, inapata uzito mwingine ikitazamwa hivi. Mwanafunzi anayesema "Owen akamfuata Mzee, akalala" anatoa tafsiri, na anaweza kuulizwa amejuaje kwamba kulala kulifuata kufuata.

3.0 Kiboko huyu, kiboko hiki, rafiki yake

Kabla ya kufika kwenye urafiki, darasa litakutana na neno kiboko. Kwa umbo lake ni nomino ya ngeli ya KI-VI, lakini ikimrejelea mnyama huchukua upatanisho wa A-WA, jambo ambalo Ashton (1944) aliliweka miongoni mwa kanuni za msingi za nomino za viumbe hai. Tofauti inaonekana katika mfano wa kwanza:

(1) a. Kiboko huyu ameokolewa.
b. Kiboko hiki kimekatika.

Sentensi (1b) inahusu mjeledi, ambao ulipata jina lake kutokana na ngozi ya mnyama uliotengenezwa kwayo. Maana hiyo haiwezi kuachwa nje ya mlango wa darasa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Nchini Tanzania bado inatambuliwa na kanuni. Kwa watoto wengi, neno hilo huleta fimbo kabla ya kumleta mnyama. Mwalimu anaweza kuliruka jambo hili, au anaweza kuliacha lisemwe, kisha aonyeshe kwamba kiwakilishi kimoja, huyu au hiki, kinatosha kubadilisha ulimwengu mzima wa sentensi. Njia ya pili ni bora, kwani ni nadra kupata mfano wa upatanisho wa kisarufi ambao wanafunzi wana haja nao kiasi hicho. Ipo pia maana ya mitaani, pale mtu asiyeshindika anapoitwa kiboko, au kiboko yao. Wanafunzi wataitaja wenyewe bila kuulizwa.

Kuna tahadhari moja. Kwa kuwa Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua ama kumtaja mnyama kama kitu au kumtaja kama mtu mwenye jinsia, uchaguzi wa waandishi wa Owen & Mzee kuwapa wanyama viwakilishi vya watu ni sehemu ya hoja yao ya kihisia. Katika Kiswahili kiambishi a- hakibebi hoja hiyo. Nzi ameruka, samaki amekufa, mtoto amelala: wote ni a-. Anayedai kwamba sarufi ya Kiswahili huwapa wanyama utu kwa sababu ya upatanisho huu anaisoma lugha moja kwa miwani ya nyingine. Kama utu upo katika masimulizi ya Kiswahili ya kisa hiki, unapaswa kutafutwa kwingine.

Mahali pamoja pa kuutafuta ni kwenye kivumishi cha kumiliki:

(2) a. Mzee ni kobe wake.
b. Mzee ni rafiki yake.
c. Rafiki yake mkubwa amelala.

Kobe na rafiki zote ni nomino za ngeli ya N zinazotaja viumbe hai. Hata hivyo, katika umoja, mnyama huchukua wake, ilhali rafiki, kama ndugu, baba, shangazi na jirani, huchukua yake. Lugha inatenga kundi la wale ambao mtu ana uhusiano nao na wale ambao mtu anawamiliki au anawafuga. Sentensi (2a) humfanya Owen kuwa mwenye mali. Sentensi (2b) humfanya kuwa mwenye mtu. Sentensi (2c) huongeza utata unaovutia: kivumishi cha kumiliki kiko katika ngeli ya N, lakini kivumishi cha sifa na kitenzi vimehamia A-WA, yote ndani ya maneno manne.

Wanafunzi wengi husema na kuandika rafiki wangu, na walimu wengi hukata kwa wino mwekundu bila maelezo. Umbo hilo limeenea kiasi kwamba ni haki kujiuliza kama limebaki kuwa kosa. Bila kulimaliza suala hilo, zoezi la (2) linampa mwalimu njia ya kuonyesha kwamba yake katika rafiki yake ina sababu ya kimaana. Wanafunzi wawili wawili wanaweza kupewa orodha ya nomino, yaani mtunzaji, kobe, mama, jirani, mbuzi, babu, mwenzi na sahibu, kisha waziweke katika sentensi zinazoanza kwa "Owen ana..." na "Huyu ni...". Mtunzaji wake itawasimamisha. Ni nomino ya ngeli ya M-WA, kwa hiyo haiwezi kuwa na yake, hata kama mtunzaji huyo alikuwa karibu na Owen kuliko jirani yeyote. Kanuni ina mipaka, na ni vizuri waione.

4.0 Urafiki huanza lini? Kauli ya kutendana kama kipimo

Moyo wa shughuli zinazopendekezwa uko hapa. Kitabu kinasimulia kwamba Owen alipofunguliwa kamba katika boma lake jipya alimkimbilia Mzee na kujikunyata nyuma yake, kama mtoto wa kiboko afanyavyo kwa mama yake. Mzee hakufurahi. Alitoa mfoko wa hasira na kujiburuta kando. Owen akamfuata. Kila kobe aliposogea, kiboko alisogea pia. Kufikia asubuhi walikutwa wamelala wakiwa wamegusana. Katika siku zilizofuata watunzaji waliingiwa na wasiwasi kwa kuwa Owen hakula majani aliyowekewa, hadi walipomwona akila kandokando ya Mzee.

Swali la kuuliza darasani ni moja tu: Ni wapi katika kisa hiki unapopata haki ya kutumia -ana?

(3) a. Owen anamfuata Mzee.
b. Owen anafuatana na Mzee.
c. Owen na Mzee wanafuatana.

Katika (3a) kuna mtenda na mtendwa, na kiambishi -m- kinamtaja mtendwa waziwazi. Mzee anaweza kuwa anakimbia, kwa kadiri kobe awezavyo kukimbia. Katika (3c) kiambishi hicho kimetoweka. Wawili wamekuwa kiima kimoja, na tendo limegawanywa baina yao. Sentensi (3b) iko katikati. Kauli ni ya kutendana, lakini Owen peke yake ndiye kiima, na Mzee ameingizwa kwa na. Muundo huu unamruhusu msimulizi kukiri kwamba kuna ushirika huku akidokeza nani aliyeuanza. Wanasarufi wameueleza zaidi kama suala la muundo. Kwa msomaji wa hadithi ni suala la nani anayebebeshwa mzigo wa uhusiano.

Utekelezaji wake ni rahisi. Kila jozi ya wanafunzi hupewa picha moja, au maelezo ya picha ikiwa nakala ni chache, na huandika sentensi mbili kwa kitenzi kimoja: ya kwanza kwa kiambishi cha mtendwa, ya pili kwa -ana. Kisha huamua ni ipi inayostahili picha hiyo na kunyooshea kidole kitu ndani ya picha kinachowapa ushahidi. "Owen anamgusa Mzee" na "Owen na Mzee wanagusana" huonekana kuwa sawa, hadi mtoto mmoja aulize kama gamba linaweza kugusa. Hapo darasa limeingia katika mjadala wa kweli kuhusu kutenda na kutendwa, na limeingia kwa hiari yake.

Si kila kitenzi kitakubali jaribio hili, na mwalimu anapaswa kuvijua vile vitakavyomponyoka. Kufuatana chenyewe si kutendana kamili: siku hufuatana, wala hakuna siku inayomfuata mwenzake kwa kurudi nyuma. Watu wawili wakitembea kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, pia wanafuatana. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema kwamba (3c) inaweza kutumika hata usiku ule wa kwanza, Mzee akiwa bado amekasirika, hajakosea. Ameonyesha kwamba -ana hutaja wakati mwingine mpangilio tu, si ridhaa. Kukutana nako hakuhitaji nia ya yeyote, wala kugongana. Kwa upande mwingine, kupendana, kuelewana, kusikilizana na kuaminiana hudai nia za pande mbili, na hivyo ndivyo vitenzi ambavyo picha ya kamera haiwezi kamwe kuvithibitisha peke yake. Lipo pia jambo dogo la tahadhari. Mtoto akijaribu kuunda kauli hiyo kutokana na lala atapata umbo ambalo kwa watu wazima lina maana isiyofaa darasani. Mwalimu aliyejiandaa atapendekeza wamelala pamoja kabla kicheko hakijaanzia viti vya nyuma.

Kitenzi kinachokifaa kisa hiki kuliko vyote ni kuzoeana. Kupendana huanza mahali ambapo msimulizi anapataka. Kuzoeana kuna muda ndani yake. Mtu humzoea mwenzake kwanza, pengine kwa upande mmoja, kisha huzoeana naye, na mwishowe husemwa kwamba wamezoeana, ambapo -me- inataja hali iliyofikiwa na isiyohitaji tena kuelezwa. Mfululizo wa alimfuata, akamzoea, wakazoeana, wamezoeana unabeba mwendo mzima wa kitabu. Darasa lililofika hapo linaweza kukirudia kitabu tangu mwanzo na kuweka kipande cha karatasi kwenye ukurasa ambao, kwa maoni ya kila kikundi, akamzoea inageuka kuwa wakazoeana. Vikundi havitaafikiana. Wengine watasema ni asubuhi ile ya kwanza, wengine watasema ni pale Owen anapokula. Watakaosema ni pale Mzee anaponyoosha shingo yake badala ya kuirudisha ndani ya gamba wamesoma kwa makini zaidi, kwa kuwa wamelitafuta tendo la Mzee. Vikundi viwili vya kwanza vilitazama matendo ya Owen peke yake.

5.0 Mzee ni nani kwa Owen?

Msomaji wa Kiingereza hukutana na Mzee kama jina tu, na hulazimika kuelezwa maana yake. Msomaji wa Kiswahili hana bahati hiyo, au hana mzigo huo. Kwake neno hilo lina amkio lake. Mtoto wa darasa la tatu akiombwa aigize Owen anavyokutana na Mzee kwa mara ya kwanza, maneno yatakayomtoka ni "Shikamoo". Mwingine, akiigiza Mzee, atajibu "Marahaba" kwa sauti nzito. Igizo hili dogo linaibua ugumu ambao kichwa cha kitabu kimeupita: je, mtoto anaweza kumwita mzee rafiki?

Katika adabu ya Kiswahili jibu halipatikani haraka. Rafiki, sahibu, mwandani na mwenzi ni maneno yanayodokeza kulingana, ama kwa umri ama kwa hali. Shoga, katika matumizi ya jadi ya wanawake wa pwani, lilidai usawa wa jinsia pia. Kwa mtu aliyemzidi mtoto kwa miaka mia na ishirini na tisa, maneno yaliyo tayari ni mlezi, babu, au Mzee lenyewe. Hata hivyo jamii nyingi za Afrika Mashariki zina nafasi ambamo umri mkubwa na ukaribu hukutana bila kuvunja heshima, nayo ni uhusiano wa babu au bibi na mjukuu, wenye utani ambao baba na mwana hawauthubutu. Mjukuu humwita babu yake mume mwenza au mchumba na hakuna anayekasirika. Shughuli ya kuwauliza wanafunzi "Owen atamwitaje Mzee siku ya kwanza, na atamwitaje baada ya mwaka?" inaibua maneno haya yote. Mwalimu anaona pia kwamba neno urafiki katika kichwa cha kitabu ni chaguo moja kati ya mengi. Anayekitafsiri kitabu hiki kwa Kiswahili ana deni la kulijibu swali hilo kabla ya kugusa sentensi ya kwanza.

Masimulizi ya jadi nayo yana neno hapa. Sikio lililolelewa na ngano za Kiswahili hutarajia urafiki wa wanyama wawili wasiofanana uishie pabaya. Katika kisa cha punda wa dobi, kilichoandikwa na Steere katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870 kutoka Unguja, kima na papa wanakuwa marafiki kwa sababu kima anamrushia papa matunda ya mkuyu. Urafiki huo unavunjika pale papa anapomchukua mwenzake baharini akiwa na habari kwamba sultani wake anahitaji moyo wa kima kwa dawa. Asili ya kisa hicho ni Bara Hindi, lakini kimekaa pwani muda wa kutosha kuwa cha nyumbani. Urafiki humo huanza kwa kupeana, hupimwa kwa usaliti, na huisha kwa akili ya mnyonge.

Visa hivi viwili vikiwekwa kando kwa kando, wanafunzi huona upesi kwamba katika Owen & Mzee hakuna aliyempa mwenzake kitu, na hakuna anayesaliti. Kilichopo ni msiba uliotangulia. Ulinganishi huu unafaa kupewa kipindi kizima. Unamsaidia pia mwanafunzi wa shahada za juu kuona tofauti ya tanzu: ngano ina wanyama kwa ajili ya kuwasema watu, na haijali kama papa halisi hula matunda. Kitabu cha picha za kamera kinafungwa na wanyama walivyokuwa, kisha kinatafuta watu ndani yao.

6.0 Darasa lenye nakala moja

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanachukulia kwamba watoto wanaiona picha. Katika shule nyingi za umma dhana hiyo haisimami. Mpango wa Tusome nchini Kenya, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2015, ulilenga kila mwanafunzi wa madarasa ya chini awe na kitabu chake cha kiada cha Kiswahili na cha Kiingereza. Vitabu vya ziada kama hiki ni habari nyingine, na pale vinapopatikana, nakala huwa moja mikononi mwa mwalimu. Picha ya kamera huumia zaidi kwa hali hiyo kuliko mchoro, kwa kuwa rangi zake za kijivu na kahawia hufifia kabla ya kufika dawati la nne.

Njia inayofaa ni kuugeuza upungufu kuwa sehemu ya zoezi. Kikundi cha wanafunzi watano huitwa mbele, hutazama picha kwa dakika tatu, kisha hurudi na kuwaeleza wenzao, ambao huchora walichosikia. Wachoraji hawataweza kuchora chochote bila maneno ya mahali: ubavuni mwa, nyuma ya, juu ya, kati ya. Mchoro ukikamilika hulinganishwa na picha. Mchoraji aliyemchora Owen akitabasamu ataulizwa ni nani aliyemwambia, na huenda ikagundulika kwamba msimulizi alisema "amefurahi" ilhali alichoona ni kichwa kilichoegemea gamba. Njia ya kusoma kwa mazungumzo iliyojaribiwa na Whitehurst na wenzake (1988), ambamo mtu mzima humuuliza mtoto badala ya kumsomea tu, ilibuniwa kwa mzazi na mtoto mmoja. Kwa darasa la watoto hamsini, wanafunzi wenyewe wanapaswa kuchukua nafasi ya muulizaji, na zoezi hili linawapa nafasi hiyo.

Kikwazo kingine ni methali. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, unamtaka mwalimu aoanishe kila somo na maadili kama upendo, heshima na umoja. Katika pilikapilika za kipindi cha dakika thelathini, njia ya mkato ni kuuliza "Tunajifunza nini?" na kuipokea methali ya akufaaye kwa dhiki. Hakuna ubaya katika methali hiyo isipokuwa kwamba inafunga mlango. Inamfanya Mzee kuwa mtenda wema, jambo ambalo matini yenyewe haikudai: kobe huyo hakumwokoa yeyote, na alianza kwa kujiondokea. Upendo anaoutaka mtaala unaweza kufundishwa kwa ukamilifu zaidi na swali la -ana kuliko na methali, kwa kuwa swali hilo linamlazimisha mtoto kumtafuta mtu wa pili katika uhusiano na kuuliza kama naye ametaka.

Neno moja zaidi kuhusu msiba. Owen alimpoteza mama yake, na karibu kila darasa lina mtoto aliyempoteza wake. Zoezi la kuandika barua kutoka kwa Owen kwenda kwa mama yake, ambalo hupendekezwa mara kwa mara kwa vitabu vya aina hii, lisiwe la lazima. Mtoto apewe uhuru wa kuandika kama Mzee, au kama mtunzaji, au kama mmoja wa wavuvi waliovuta nyavu. Nafsi ya tatu humpa mtoto mahali pa kusimama mbali kidogo na jeraha.

7.0 Baada ya ukurasa wa mwisho

Kitabu cha mwaka 2006 kinawaacha wanyama wakiwa pamoja. Maisha yao hayakuishia hapo. Owen alikua, na kiboko aliyekua si mwenzi salama kwa kobe, hata awe na gamba gumu kiasi gani. Baadaye alitenganishwa na Mzee na kuwekwa pamoja na kiboko jike aliyeitwa Cleo.

Wapo watakaoona kwamba watoto hawahitaji kuambiwa. Lakini watoto wenyewe huuliza wanyama hao wako wapi sasa, na mwalimu hana budi kuchagua kitenzi:

(4) a. Owen na Mzee waliachana.
b. Owen alimwacha Mzee.
c. Owen na Mzee walitenganishwa.
d. Owen alitenganishwa na Mzee.

Sentensi (4a) ina -ana ileile iliyotafutwa kwa juhudi katika sehemu ya nne, na sasa inadai kwamba wote wawili waliridhia, kama wanandoa. (4b) inamtwika Owen lawama. (4c) inaingiza watu ambao hawatajwi, kwa kauli ya kutendwa. Na (4d) ina maana mbili: kwamba waliwekwa mbali na mwenzake, au kwamba Mzee mwenyewe ndiye aliyewatenga. Darasa linaweza kupewa sentensi hizi nne na kuulizwa ni ipi wangeiandika kwenye ukurasa wa nyongeza, na chini ya picha gani.